Disneyland na mtoto wa miaka miwili na nusu: anza na usingizi wake

Mama, jambo sana. Umeuliza kama inafaa kumpeleka mtoto wa miaka miwili na miezi saba Disneyland mwezi wa saba, wakati baba yake anataka Florida na wewe unaona Paris inatosha. Wengine hapa wamekujibu kwamba ni kutupa pesa, mtoto hatakumbuka kitu. Sisi tulitoka Lubumbashi na binti yetu akiwa na miaka miwili na nusu, tukaenda Paris, kwa hiyo nitakueleza yaliyotukuta.

Mpeleke. Lakini mahali pa kwenda pachagueni kwa kuangalia saa, halafu ndiyo mje kwenye ukubwa wa bustani. Mwezi wa saba Lubumbashi na Paris saa ni ileile. Florida iko nyuma yetu kwa saa 6. Saa tisa usiku ya kule, mwili wa mtoto wako utakuwa kwenye saa tatu asubuhi ya nyumbani: ataamka, atataka chai, atataka kucheza, na nyinyi mmelala kwa muda wa saa mbili tu. Mtu mzima anajikaza. Mtoto wa umri huo hajui kujikaza, na akishazoea, siku za kurudi zimefika. Baba yake mwambie Florida haiendi popote, ipo tangu 1971. Mtoto akifika miaka saba au nane, nendeni.

Sasa kuna jambo moja sikulifikiria na lilituharibia siku mbili za kwanza. Saa ni ileile, jua si lilelile. Kwetu saa kumi na mbili jioni giza linaingia, na binti yetu amezoea hivyo: taa zinawaka, anaoga, anakula, analala. Paris mwezi wa saba jua linazama karibu saa nne usiku. Siku ya kwanza, saa mbili na nusu, nilimlaza. Akainuka, akaenda dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, akaniambia, «Mama, bado mchana.» Na kweli watoto wengine walikuwa chini wanaendesha baiskeli. Alilala saa tano kasoro, na asubuhi tukamwamsha ili tuwahi mlango. Mchana huo alilia mstarini mpaka sauti ikakauka, mimi na baba yake tukaanza kugombana mbele za watu.

Usiku wa pili nilitoa vitenge vyangu viwili, nikavikunja mara mbili, nikavibana juu ya pazia kwa vibanio vya nguo. Chumba kikawa giza kama saa mbili ya kwetu. Akalala. Tangu hapo safari ilikwenda vizuri, na ndiyo maana nakwambia: kabla ya kufikiria nguo za picha, weka vibanio sita kwenye valizi.

Kuhusu ndege. Tulipita Addis Ababa, karibu saa nne hadi pale, halafu safari ya usiku ya saa saba na zaidi hadi Paris. Chukua ya usiku. Mfanyie mtoto mambo yake ya kulala kama nyumbani: mbadilishe nguo, mpe maziwa, mfunike kitenge chenye harufu ya nyumba yenu, usikifue kabla ya safari. Masikio yalinishangaza. Kushuka Addis hakulia hata kidogo, kwa sababu uwanja wa Bole uko juu sana, mita 2,300 hivi, na msukumo wa hewa ndani ya ndege haubadiliki sana mnapotua. Nikadhani amezoea. Kushuka Paris ndiko kulimuuma. Kwa hiyo weka akiba ya maziwa au maji kwa nusu saa ya mwisho, na mwamshe anywe, maana akiwa usingizini hamezi mate ya kutosha na masikio yanaziba. Maziwa ya mtoto yanaruhusiwa kupita ukaguzi hata yakizidi mililita 100. Sema mapema kwamba ni ya mtoto. Ukiwa umemfunga mgongoni watakuomba umshushe, usikasirike. Na pampasi za siku mbili zikae kwenye mfuko wa mkononi. Mimi nilizipanga zote kwenye valizi kubwa, kosa langu mwenyewe, nikabaki na moja tu kabla ya kupanda ndege ya pili.

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle kuna treni ya kasi, TGV, inayofika kituo cha Marne-la-Vallée Chessy kwa dakika kama 10, na kituo kiko mlangoni mwa bustani. Usiingie Paris mjini na mtoto aliyechoka ili utoke tena. Sisi tulikodi chumba chenye jiko Val d'Europe, kituo kimoja tu kabla ya Chessy kwenye njia ya treni ya RER A. Jiko hilo lilituokoa. Nilibeba kilo mbili za unga wa mahindi, nikapika bukari kila jioni. Nyama na maziwa ya kawaida usibebe, Ulaya hawaruhusu. Siku ambayo mtoto alikula chakula cha kununua mchana na jioni, usiku alituamsha mara tatu na tumbo.

Ndani ya bustani, mpango wetu kuanzia siku ya tatu ulikuwa huu: tunaingia milango inapofunguliwa, tunatoka kabla ya saa sita, tunarudi chumbani analala, kisha tunarudi saa kumi na moja jioni watu wengi wanapoanza kuchoka. Ukitoka, unaruhusiwa kurudi siku hiyohiyo. Watu wanaona uchungu kutoka katikati ya siku waliyoilipia. Naelewa uchungu huo, nasi pesa tulizitafuta kwa jasho. Lakini mtoto asiyelala mchana anakula jioni yenu yote. Na fataki za usiku ziacheni: majira hayo giza linachelewa, na onyesho nalo linaanza karibu saa tano.

Bustani ya pili, iliyofunguliwa 2002, hatukuigusa, na hatukujuta. Ile ya kwanza, ya 1992, ina mengi yasiyodai urefu: farasi wa kuzunguka, tembo wanaoruka, na mashua za «it's a small world», zinazopita polepole katikati ya wanasesere, ambazo tulipanda mara tano. Treni ya mlima, Big Thunder Mountain, inataka mtoto awe na sentimita 102, wako hatafika. Kama nyinyi wakubwa mnaitaka, kuna utaratibu wa kubadilishana: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, halafu anaingia bila kupanga mstari upya. Waulize wafanyakazi mlangoni. Puseti, vile vigari vya kusukumia watoto, hazipiti mstarini, unaziacha nje, hapo ndipo kitenge kinarudi kazini. Nilimfunga mgongoni mistari yote. Mama mmoja wa Kifaransa aliniomba nimwonyeshe fundo.

Kuhusu kukumbuka. Tuliporudi, tulimpeleka Katuba kwa mama yangu, nkambo wake. Akachukua beseni la kufulia, akakaa ndani, akamwambia binamu yake asukume polepole, na kila walipopita mlango wa jiko alipunga mkono kushoto na kulia kama tulivyokuwa tunapungia wale wanasesere. Alicheza hivyo miezi mingi. Leo ana miaka mitano, hakumbuki Paris. Lakini lile beseni hadi leo analiita mashua, na hata nkambo analiita hivyo.

Mwisho, karatasi. Mtoto anahitaji pasipoti yake na viza yake. Chini ya miaka 6 ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa, hailipwi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau, mtakihitaji mkirudi. Ndege atalipiwa kiti chake, kwa sababu amepita miaka 2. Lakini mlango wa Disneyland ni bure kwa aliye chini ya miaka 3, na wako ana miaka miwili na miezi saba. Hesabu vizuri siku yake ya kuzaliwa inaangukia wapi kabla hamjanunua tiketi.