Nibadilishe waya za spika ili besi irudi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina stereo ya nyumbani, amplifaya na spika mbili za omu 8. Juzi nimehamisha kabati ikabidi nirefushe waya, sasa spika ya kulia ina mita 3 na ya kushoto mita 10, waya wenyewe ni ule mwembamba wa 0.5, yaani unene wa milimita za mraba 0.5. Tangu siku hiyo besi imekufa, na mwimbaji simsikii katikati kama zamani, katawanyika tu. Jamaa yangu kasema ninunue kebo spesheli za bei na ziwe na urefu sawa. Kweli?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kabla hujatoa hela nenda nyuma ya spika kwanza. Besi kufa na mwimbaji kukosa makao sio ugonjwa wa waya mwembamba, hiyo ni plasi na mainasi zimepishana kwenye spika moja, yaani koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ya kulia ikisukuma mbele, ya kushoto inavuta nyuma, hewa ya hii inamezwa na ile, na besi ndo inaumia zaidi kwa sababu mawimbi yake ni marefu, mita kadhaa, yanakutana humo humo chumbani yanafutana.

Na nahisi umepishanisha pale ulipoungia. Waya wa spika ni pacha wawili wanaofanana, lakini ukiupapasa kwa ukucha upande mmoja una kamstari au maandishi au kauvimbe, huo ufanye plasi toka amplifaya mpaka spika. Kama huna uhakika zima kila kitu, geuza waya kwenye spika MOJA tu (ukigeuza zote mbili umerudi pale pale, watu wengi wananasa hapo), washa, weka wimbo wenye besi nzito, besi ikirudi umepatia. Au chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha ncha zake kwenye betri ndogo ya volti 1.5 sekunde moja huku mwenzako anatazama koni kubwa: plasi ya betri ikiwa kwenye waya wa plasi koni inaruka mbele. Ikiingia ndani, mwizi umempata.

Sasa huo unene. Jamaa yako hajakosea kabisa. Mita 10 kwenda na 10 kurudi ni mita 20 za shaba, kwa waya wa 0.5 unapata ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) kama omu 0.7, kwa spika ya omu 8 unapoteza kama desibeli 0.7, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Upande wa mita 3 unapoteza kama 0.2. Kwa hiyo kushoto iko chini kwa nusu desibeli, kitufe cha balansi kinamaliza hilo. Kuna na kitu kingine hapo, spika haibaki omu 8 muda wote, inapanda na kushuka kufuatana na noti, kwa hiyo ukinzani wa waya ukiwa mkubwa unabadilisha kidogo ladha ya sauti yenyewe. Sisi mafundi tunapenda ukinzani wa waya usivuke asilimia 5 ya omu za spika, kwako ni omu 0.4, na waya wa 1.5 kwa mita 10 una kama 0.23 tu, umetosha. Spika zingekuwa za omu 4 ningekwambia chukua wa 2.5. Kupita hapo sikio halioni kitu, hata kebo iwe nene kama mkono wa mtoto.

Urefu sawa usikusumbue. Umeme unapita hizo mita 7 za ziada haraka mno, ukisogeza kichwa milimita moja tu umechelewesha sauti kuliko waya wote huo.

Unachotakiwa kuogopa dukani ni waya unaong'aa kishaba kumbe ndani ni alumini. Kwaruza nyuzi kwa kisu, ukiona weupe umepigwa, maana kwa unene ule ule ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba na ukiukunja kunja unakatika. Ila zile kebo za kifahari zenye mshale wa kuonyesha umeme upite wapi, mimi nacheka tu, umeme wa sauti unaenda na kurudi humo kila sekunde mamia na maelfu ya mara, huo mshale unamwelekeza nani?

Ukishamaliza plasi na mainasi rudi kwenye hicho kiungo. Kama umesokota ukapiga selotepu, fumua, unga kwa lehemu vizuri, funika. Na nyuma ya amplifaya angalia kama kuna unywele mmoja wa shaba umetoka kwenye plasi unagusa mainasi, nimeshafungua amplifaya nyingi zilizoungua kwa unywele kama huo.