Jibu: mwanajeshi wa Ufaransa aliyegeuka mwalimu

Ndugu, umeuliza kama yupo askari Mfaransa aliyerudi kutoka vitani na majeraha, akawa mwalimu na bado akaishi miaka mingi. Yupo, na mimi nampenda sana: Célestin Freinet.

Alizaliwa mwaka 1896 katika kijiji cha Gars, kusini mwa Ufaransa. Oktoba 1917 alipigwa risasi ya kifua katika Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Chemin des Dames, kaskazini mwa Ufaransa, pafu likaumia vibaya. Mwaka 1920 akaanza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, lakini pumzi ilikuwa haimtoshi. Kusimama mbele ya darasa na kuongea saa nzima kulimshinda. Mwenyewe alieleza kwamba shida hiyo ndiyo iliyomsukuma kutafuta njia nyingine: akawatoa watoto nje, wakatembea shambani na kwa mafundi, wakirudi wanaandika walichokiona. Kisha, kama mwaka 1924, akaleta darasani mashine ndogo ya kuchapia. Watoto wakapanga herufi za madini ya risasi kwa mikono yao, wakachapa maandishi yao wenyewe, wakabadilishana na wanafunzi wa shule ya mbali kule Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Fikiria mtoto wa mkulima akiona sentensi yake imechapwa!

Alipata misukosuko pia. Mwaka 1935 alifungua shule yake katika mji wa Vence, na 1940 serikali ikamkamata na kumweka kizuizini. Alifariki Oktoba 1966, karibu miaka 49 baada ya ile risasi.