Geji ya Cessna ya zamani inakaa full muda wote, naweza kufunga floti ya Hiace?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Nyakato, Mwanza. Kuna mzee ana Cessna 182 ya miaka ya 1960, kaniita niangalie geji za mafuta. Ya kushoto inasoma full hata tanki likiwa nusu, ya kulia mshale unacheza cheza hata ndege ikiwa imepaki. Nina floti mpya ya Hiace (kile kifaa cha ndani ya tanki kinachoiambia geji mafuta yako wapi), na umeme wa ndege ni volti 12 kama gari. Nifunge? Rubani wake yeye anasema geji za ndege za zamani ni pambo tu, wao wanapima kwa kijiti.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la Hiace maana ndo linalonitisha: usifunge. Volti kuwa 12 kwa 12 haimaanishi vitu vinaoana. Geji inafuata ukinzani (omu) wa senda, yani hiyo floti yenye boya na mkono ndani ya tanki, na hata kwenye magari unajua kuna za kuanzia karibu na sifuri mpaka omu 30 na kuna za kuanzia 240 zikashuka mpaka 33, sasa ukichanganya mshale utasogea vizuri tu na utafurahi, kumbe unasoma nusu wakati tanki lina robo. Halafu tanki la bawa ni refu na bapa, sio kama la gari lenye kina, kwa hiyo urefu wa mkono na kona yake vimepangwa kwa tanki lile lile. Na spea ya ndege lazima iwe na karatasi zake, kazi isainiwe kwenye logbuku (daftari la kumbukumbu za ndege) na injinia mwenye leseni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Wewe mkono wako unahitajika sana, umeme unaujua, ila fanya chini ya macho yake.

Sasa la rubani, na hapa naomba umfikishie. Hii ya kwamba geji ni pambo nimeisikia kwa watu wengi wa ndege ndogo, na wengine wanaongeza kwamba sheria inataka geji iwe sahihi tanki likiwa tupu tu. Sio kweli. Kanuni za Marekani, ambako hiyo ndege ilithibitishwa, zinataka geji imwonyeshe rubani kiasi cha mafuta kwenye kila tanki wakati wa safari, NA isome sifuri ndege ikiwa imenyooka angani huku yamebaki yale mafuta ya chini ambayo injini haiwezi kuyavuta. Vyote viwili. Kijiti ni kizuri na sitaki mtu aache kukitumia, ila kijiti kinakwambia umeondoka na nini. Ukiwa katikati ya maji unaelekea Rubondo au Bukoba na kifuniko cha tanki hakijakaa vizuri, hewa ya juu ya bawa inanyonya mafuta nje kimya kimya, kijiti kiko nyuma ya siti hakina la kukwambia.

Na hiyo 182 ya zamani ina jambo lake ambalo fundi wa magari hawezi kulijua mpaka aambiwe. Matanki yake ni mifuko ya mpira iliyotandazwa ndani ya bawa na kushikwa kwa vifungo. Mafuta yakinyonywa kupitia kifuniko kibovu, au tundu la kupumulia likiziba (nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga humo ndege ikikaa), mfuko unavutwa juu kutoka chini, unanyanyua boya, na geji inapanda kwenda full wakati tanki linaisha! Kwa hiyo ya kushoto, kabla ya kugusa waya wowote, fungua kifuniko, angalia sili yake kama imekauka na kupasuka, chungulia ndani kwa tochi isiyotoa cheche uone kama mpira umelala chini au una mikunjo, papasa vifungo kama vimeachia. Mkunjo mmoja tu chini ya boya unatosha kulizuia lisishuke, na mikunjo hiyo hiyo inaficha maji. Na mwambie mzee ndege isiruke mpaka hii ipatikane, maana boya lililotoboka likazama linadanganya kuelekea tupu, hilo litakufanya ujaze bure, lakini geji inayodanganya kuelekea full ndo inayoua.

Kuna kitu kimoja hapo sio ugonjwa. Mabawa yamenyanyuka kidogo kwenda nje, boya liko upande wa ndani, kwa hiyo linagonga dari kabla tanki halijajaa kabisa. Mshale kukaa full kwa muda mwanzoni mwa safari ni kawaida. Kukaa full kwenye nusu, hapana.

Umeme sasa. Najua mbinu yenu ya kuchomoa waya wa floti na kuugusisha kwenye bodi uone mshale unakimbilia wapi. Mbinu ni sahihi, mahali ndo sipo. Pale kwenye tanki USIGUSISHE, cheche moja na mvuke wa avgas (petroli ya ndege) vinatosha kulipua. Fanya nyuma ya dashibodi, mbali na tanki: masta (swichi kuu ya umeme) ikiwa off, weka lebo nyaya za senda mbili, badilishana, ya kushoto iende geji ya kulia na ya kulia iende kushoto, halafu washa masta uone. Ugonjwa ukihama na waya, tatizo liko kwenye senda au waya wake au ethi (muunganiko wake na bodi ya ndege), ukibaki kwenye geji ile ile basi ni geji. Kama zote mbili zinapanda na kushuka pamoja acha matanki kabisa, tafuta umeme unaozilisha zote au ethi yao ya pamoja. Ukimaliza rudisha kila waya kwake na injinia ahakikishe, maana nyaya zikibaki zimepishana hapo umetengeneza ajali.

Kwa mshale unaocheza ndege imesimama, mi ningeanza na ethi. Senda inapata ethi kupitia bodi yake, skrubu, au kiwaya chake kidogo, na hapa kwetu ndege inalala na unyevu wa ziwa miaka na miaka, alumini inaota unga mweupe chini ya tamino (kichwa cha waya) na mguso unakuwa wa kubahatisha. Betri ikiwa imechomolewa, tanki limemwagwa na kupewa hewa, ndege nje ya hangari na imeunganishwa ethi na pipa la mafuta, pima kutoka bodi ya senda mpaka fremu ya ndege. Unataka isizidi omu moja. Ikizidi, safisha mpaka uone chuma kinang'aa, kwa skochibraiti sio kwa pamba ya chuma, chembe za chuma zikibaki kwenye alumini zinaleta kutu upya.

Ethi ikiwa safi na mshale bado unacheza, senda itoke. Ukiishika mkononi utaona waya mwembamba kama unywele umezungushwa kwenye kibao, na kidole cha shaba kinachotelezea juu yake. Angalia karibu na katikati. Ndege nyingi zinapaki na mafuta kama nusu, kwa hiyo kidole kinatetemekea pale pale mwaka hadi mwaka, na mara nyingi unakuta mstari uliolika kabisa, mizunguko miwili mitatu imekatika. Weka multimita, sogeza mkono taratibu kutoka chini mpaka juu: omu ziende kwa mtiririko bila kuruka. Ikiruka, usijaribu kuulehemu huo waya. Boya nalo kama ni la shaba litikise sikioni, ukisikia kitu kinacheza ndani limetoboka, libadilishwe, na tafadhali usiliweke kwenye moto wala kulilehemu likiwa na mafuta ndani.

Geji yenyewe usiifungue. Baadhi ya ala za ndege za zamani zina rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, ukifungua kioo unavuta vumbi lake. Hiyo inakwenda kwenye karakana ya ala yenye kibali.

Ukirudisha, gasketi mpya, jaza tanki, acha mpaka asubuhi. Avgas 100LL ina rangi ya bluu, kama inavuja utaona doa.

Halafu kazi ambayo watu wanairuka: kalibresheni, yani kulinganisha geji na mafuta halisi. Ndege inyooshwe kwa pima maji kwenye sehemu zilizoonyeshwa na manyuo ya huduma (kitabu cha matengenezo ya ndege), sio kwa macho, tairi moja kuwa na upepo kidogo inatosha kuharibu hesabu. Mwaga mpaka yabaki yasiyotumika tu, hapo mshale uwekwe sifuri kwa njia ambayo manyuo inaruhusu. Kisha ongeza lita 20, subiri mafuta yatulie, andika geji inasema nini na kijiti kinasema nini, ongeza nyingine 20, hivyo hivyo mpaka juu, kila tanki peke yake. Kadi hiyo ikae ndani ya ndege. Kijiti kiwe cha ndege hiyo hiyo, cha Cessna 172 hakifai kwenye 182.

Na muandike vipimo kwa uwazi. Manyuo inaongea galoni za Marekani, lita 3.785, pampu inaongea lita, na kuna watu bado wana galoni ya Kiingereza kichwani ambayo ni lita 4.546. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani na kutua bila injini kule Gimli, Kanada. Geji zilikuwa hazifanyi kazi, walipima kwa vijiti, na kwenye kugeuza lita kuwa uzito wakatumia kizidisho cha paundi badala ya kilo. Msomee rubani hiyo aya. Vijiti vyao vilikuwa sahihi.

Kuhusu spea, mzee ana njia mbili, senda ya aina ile ile iliyofanyiwa overhoo (kukarabatiwa upya) na ina karatasi, au zile za kisasa za sumaku zisizo na kidole kinachosuguana, ila hizo lazima ziwe zimeidhinishwa kwa modeli yake na geji inayoendana nazo. Nitumie namba iliyogongwa kwenye flanji (bamba la kufungia) ya senda zote mbili, serial namba ya ndege, na omu ulizopima mkono ukiwa chini kabisa na juu kabisa, nikwambie ipi aagize.