Ukianza kusoma ibada ya Wakristo wa kwanza

Karibuni ninyi mliojiunga na kikundi mwezi huu. Tuko tisa: Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste wawili, na kila Alhamisi jioni tunakutana sebuleni kwa mwenzetu. Kuna jambo lililonichukua mwaka mzima kulielewa, na napenda mlipate mapema. Ukifungua maandishi ya Wakristo wa mwanzo kwa nia ya kulitafuta kanisa lako, utaliona kila ukurasa, na hutakuwa umesoma kitu.

Tulianza na Didake, kitabu kifupi sana cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo, kilichokuwa kimepotea kwa karne nyingi hadi msomi Mgiriki Philotheos Bryennios alipokikuta Konstantinopoli mwaka 1873, katika mswada ulionakiliwa mwaka 1056. Sura ya saba inaagiza kubatiza katika maji yaliyo hai, yaani yanayotiririka. Wapentekoste wetu, wanaobatiza kwa kuzamisha, wakatabasamu. Tukaendelea: yakikosekana hayo, tumia maji mengine, yasipokuwepo ya baridi, hata ya moto, na usipokuwa na ya kutosha, mimina kichwani mara tatu. Sasa wakatabasamu Wakatoliki, wanaomimina. Mabishano yakapamba moto, mpaka mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akauliza: "Jamani, na kufunga je?" Tukarudi kwenye ukurasa. Kumbe anayebatizwa anaagizwa afunge siku moja au mbili kabla, na anayembatiza afunge pamoja naye, na wengine wanaoweza. Sote tulikuwa tumeupita mstari huo kwa sababu haukumsaidia yeyote kumshinda mwenzake. Kwangu ndio ulikuwa mzito kuliko yote: watu wanashinda na njaa kwa ajili ya mtu mmoja anayeingia majini.

Tangu siku hiyo tunasoma kwa sauti, polepole, na kabla ya mjadala mtu mmoja anasimulia upya alichosikia. Nawasihi mfanye hivyo hata mkiwa wawili.

Msiharakishe pia kusahihisha maandishi. Katika sura ya tisa, shukrani juu ya kikombe inatangulia ile ya mkate. Mimi nilidhani mnakili amekosea. Kisha nikafungua 1 Wakorintho 10:16, nayo inataja kikombe kwanza. Na katika Luka 22 kuna kikombe kabla ya mkate na kingine baadaye. Ibada haikuwa na sura moja kila mahali, na si lazima tuilazimishe.

Kwa hiyo ulizeni kila mara: nani anaandika, wapi, na kwa nani? Yustino, Mkristo aliyewatetea wenzake, anaandika Roma yapata mwaka 155, akimweleza Kaisari asiyeijua imani. Plinio, liwali wa Kirumi wa Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, anamwandikia Kaisari Traiano yapata mwaka 112 akiwa mtesaji: anasema Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu, na kwamba aliwatesa watumwa wawili wanawake walioitwa wahudumu ili apate ukweli. Soma sentensi hiyo taratibu. Sehemu ya tunayoyajua kuhusu ibada yao ilitolewa kwa maumivu ya akina mama hao, na majina yao hatunayo.

Neno "sakramenti" nalo mlishike kwa uangalifu. Kwa Kilatini lilitumika kwa kiapo cha askari. Hesabu ya sakramenti saba, wanayoishika Wakatoliki, ilikuja kukaa sawasawa katika karne ya 12, basi msiende kuhesabu saba, wala mbili za Waprotestanti, ndani ya Yustino.

Kuhusu daftari: gawa ukurasa mara mbili, upande mmoja andika wanachosema wao, upande wa pili tunachofanya sisi. Msichanganye. Na andiko moja lichukue wiki tatu. Tulipojaribu kumaliza matatu kwa mwezi tulibaki na majina tu.

Alhamisi ijayo tunaingia kwa Yustino, Utetezi wake wa Kwanza, sura ya 65 hadi 67. Mtakutana na mashemasi wanaowapelekea mkate wasioweza kufika, na sadaka inayokwenda kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Someni mara mbili nyumbani, mara moja kwa sauti, na mje na mstari mmoja ambao hamjawahi kusikia ukihubiriwa.