Kwa nini €50 inatafutwa kama 50 tu

Ndugu, umesema ukitafuta €50 unaletewa kila kitu chenye 50, na bidhaa nyingine zinaonyesha â‚¬50. Hayo ni matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Hiyo â‚¬ ni tatizo la usimbaji, yaani jinsi kompyuta inavyohifadhi kila herufi kwa namba ziitwazo baiti. Kuna mifumo kadhaa ya usimbaji. Kwenye UTF-8 alama ya euro ni baiti tatu, E2 82 AC. Kwenye Windows-1252 ni baiti moja, 80. Kwenye ISO-8859-15 ni A4, na ISO-8859-1 haina euro kabisa. Faili lako la bidhaa ni la UTF-8 ila programu inalisoma kama Windows-1252, ndiyo maana baiti tatu zimekuwa herufi tatu. Rekebisha pale data inapoingia. Tafadhali usiende kubadilisha â‚¬ moja moja kwenye hifadhidata. Kesho £ itakuja kama Â£ na utaanza upya.

La pili ni utafutaji: kwenye Elasticsearch, injini ya kutafuta, kikata-maneno cha kawaida (sehemu inayogawa maandishi kuwa maneno) hutupa alama za fedha, kwa hiyo €50 inabaki 50. Weka kichujio cha herufi aina ya mapping kinachogeuza € kuwa neno euro kabla maneno hayajakatwa. Angalia hapa, watu wengi hunasa: nafasi baada ya euro iandike \\u0020 (msimbo wa nafasi) ndani ya JSON, yaani maandishi ya mipangilio. Ukiacha nafasi tupu inafutwa, unapata euro50.

Kichujio kifanye kazi kwenye nyaraka na kwenye maneno anayoandika mtafutaji, kisha jenga upya faharasa yote, yaani orodha ya maneno ambayo injini hutafutia.