Mstari urudishe mkuu

Mkuu umeuliza kwa nini tangu utoe mstari chini ya linki za tovuti ya gesti yako pale Ujiji na kuzipaka bluu ya mpauko, wateja wanapiga simu kuuliza bei wakati ukurasa wa bei upo. Ni huo mstari, urudishe.

Mimi niliutoa kwenye tovuti ya bro anayeuza dagaa, kwenye laptop ikapendeza kweli, siku moja niko Kibirizi saa saba mchana jua linawaka nikaifungua kwenye simu, bluu yote imemezwa na mwanga, linki na maneno ya kawaida hujui ipi ni ipi. Na kuna watu macho yao hayatofautishi rangi vizuri, kwao rangi peke yake haitoshi.

Kama mstari unakukera kwa kubana herufi basi ushushe kidogo, kwenye CSS (kodi ya muonekano wa tovuti) weka text-underline-offset: 3px halafu uufanye mwembamba, unakaa vizuri mno. Rangi chukua bluu iliyokolea, mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu hata wenye shida ya macho, unataka maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake yatofautiane kwa mwangaza angalau 4.5 kwa 1. Ile ya kubadilika rangi ukipitisha mausi iweke tu ila usiitegemee, wateja wako wengi wako kwenye simu.

Halafu yale maneno "bofya hapa" toa, andika "Bei za vyumba" mtu ajue anaenda wapi. Na neno lisilo linki usilipigie mstari jamani, watu watagusa weee hadi wachoke.

Ukirekebisha tupia picha tuone.