Lenzi bapa iliishia wapi?

Swali: Mwaka 2016 nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wametengeneza lenzi bapa, nyembamba kuliko unywele. Mbona kamera ya simu yangu bado imevimba mgongoni? Mradi ulikufa?

Jibu: Haukufa. Ulihamia kazi nyingine, isiyo ya kupiga picha.

Lenzi ile, ya maabara ya mwanafizikia Federico Capasso hapo Harvard, ilikuwa msitu wa vinguzo vya oksaidi ya titani vyenye kimo cha nanomita 600 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kila kinguzo huchelewesha mwanga kidogo kulingana na umbo na mkao wake. Ukivipanga vizuri, mwanga wote hukutana sehemu moja. Tatizo ni rangi. Ukiisanifu kwa kijani, nyekundu hukutana karibu zaidi na lenzi na buluu mbali zaidi, kinyume kabisa na kioo cha kawaida. Marekebisho yapo, lakini kadiri lenzi inavyopanuka ndivyo vinguzo vinavyotakiwa kurefuka, na kuna kimo ambacho hakichongeki. Ndiyo maana lenzi nyingi zilizorekebishwa rangi ni ndogo mno kwa kamera.

Kampuni ya Metalenz, iliyotoka katika maabara hiyohiyo, ilifanya jambo la busara: ikatafuta kazi ya rangi moja. Vihisi vya kupima umbali hutumia leza ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa kawaida wenye urefu wa wimbi wa nanomita 940. Mwaka 2022 kampuni ya chipu ya STMicroelectronics ilitangaza kihisi cha aina hiyo chenye lenzi bapa ndani yake.

Uzalishaji nao ulibadilika. Maabara huchora kinguzo kimoja kimoja kwa mwale wa elektroni. Kwa biashara huo ni uchizi. Viwanda vya chipu hupiga chapa ya mchoro mzima kwa mwanga wa urujuanimno, lenzi maelfu kwenye bamba moja. Kwa njia hiyo Harvard ilitengeneza lenzi ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 10 na vinguzo zaidi ya bilioni 18, ikapiga nayo picha za Jua na Mwezi.

Kamera kuu ya simu siitarajii karibuni: lenzi za plastiki ni za bei nafuu na zinafanya kazi vizuri. Ninachokingojea ni utambuzi wa uso. Lenzi bapa inaweza kutenganisha mwanga kwa mwelekeo wa mtetemo wake, na ngozi hurudisha mwanga huo tofauti na barakoa ya silikoni.